Tablo ya maua: ni ukumbusho ao ni uongo?



Ukiingia katika nyumba mingi za Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, utaona ku ukuta wa salon tablo moja yenye wachoraji wenyewe wanaita "paysage". Karibu sikuzote iko namna moja: muto unapita katikati, miti mbili ya ngazi, nyumba ndogo ya majani, mulima wa buluu kule nyuma. Na chini, karibu na macho ya mwenye kuangalia, uwanda wa maua: mekundu, ya manjano, meupe. Imechorwa na rangi ya mafuta, mara mingi ile rangi ya kopo yenye fundi anapakaa ku milango, juu ya kitambaa cha mufuko wa bunga chenye kimevutwa na kupigiliwa misumari ku mbao.

Kwa baba mukubwa wangu, ndani ya Katuba, tablo ya namna hiyo ilikuwa juu ya kiti chake. Nilikomaa nikiiangalia. Siku moja, nilikuwa mutoto, nilimuuliza: "Baba mukubwa, hapa ni wapi?" Alicheka, akasema: "Hapa haiko fasi, mwanangu. Hapa ni uzuri tu."

Jibu hilo lilikaa ndani ya kichwa changu miaka mingi. Leo ninataka kuliuliza tena, mbele yenu nyote. Mutu akichora uzuri wenye hauna fasi, anatenda vema ao anatudanganya? Na akichora fasi yenye ilikuwa na maua kweli, lakini leo ni shimo, anatunza ukweli ao anaufunika na rangi? Swali hili haliko la wachoraji peke yao. Ni la kila mutu mwenye kupigilia musumari ku ukuta wake.

Maua yenye tuko nayo kweli

Wengi katika sisi watu wa muji hatujui kama nchi yetu iko na mbuga za maua zenye haziko fasi ingine ya dunia. Hatuzijui kwa sababu haziko ndani ya kalendari.

Hizo mbuga ni vilima vya shaba. Kutoka pande za Lubumbashi mpaka kule Kolwezi, kuko vilima zaidi ya 100 vyenye udongo wake umejaa shaba na kobalti. Shaba ikizidi ndani ya udongo ni sumu kwa miti. Ndiyo sababu pori la miti linapanda mpaka ku tumbo la kilima, halafu linasimama. Juu kunabaki majani na maua tu, sawa kichwa cha muzee chenye upara katikati. Mwaka wa 1963, Paul Duvigneaud na mwenzake Denaeyer-De Smet walitangaza utafiti mukubwa juu ya shaba na mimea ya Katanga. Kisha wao, wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliendelea na kazi. Walihesabu juu ya vilima hivyo aina za mimea zaidi ya 600, na kati yao karibu 30 haziishi fasi ingine yoyote chini ya jua.

Kuko moja yenye wenye kusema Kifaransa wanaita "fleur de cuivre", ni kusema ua la shaba. Jina lake la kisomo ni Haumaniastrum katangense. Ni la jamaa moja na lumba-lumba. Liko dogo, rangi yake ni kati ya buluu na zambarau, na linachanuka wakati mvua inakwisha. Mutu mwenye haraka analikanyaga bila kuliona. Lakini likiwa mengi, kilima chote kinageuka rangi.

Wakambo wetu, wale wayeyushaji wenye Wazungu waliwaita "wala shaba", walisoma alama hizo mbele ya vitabu. Upara wa kilima, maua yake na jiwe la kijani liliwaambia: chimba hapa. Walichimba wakati wa kiangazi, wakayeyusha jiwe na makala ya miti, wakatengeneza misalaba ya shaba, ile yenye tunaona ku makaburi ya zamani pande za ziwa Kisale. Na kuko jambo la kushangaza: fasi tanuru zao zilikuwa, ua hilo lilibaki linaota. Katika miaka ya 1980 wasomi wa mambo ya kale waliandika namna ua hilo linawaonyesha mahali wahenga walikuwa wanayeyusha shaba. Basi kabla ya muchoraji yeyote, ua lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa ukumbusho.

Halafu ilikuja kazi kubwa. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 ilitoa shaba yake ya kwanza ku tanuru la Lubumbashi, na mawe yalitoka Kalukuluku, yenye walibatiza Étoile. Kisha Gécamines, tangu mwaka wa 1967. Kisha, kufuata sheria ya mines ya mwaka wa 2002, makampuni mingi ya kila rangi. Siko hapa kulaumu kazi; ni hiyo ilitulisha, ilitusomesha. Ninasema tu namna inafanyika: mutu akitaka jiwe la kilima, kitu cha kwanza anatoa ni udongo wa juu. Na udongo wa juu, ndiyo maua.

Neno letu wenyewe: ukumbusho

Kule Ulaya kuchora mbuga ya maua ni desturi ya siku mingi. Mwaka wa 1841 mutu mumoja wa Marekani, John Goffe Rand, alivumbua kitubu cha bati cha kutia rangi ya mafuta. Kwa hiyo wachoraji waliweza kubeba rangi na kwenda kukaa inje. Mwaka wa 1873 Claude Monet alichora maua mekundu ya Argenteuil, karibu na Paris, na mwanamuke na mutoto wanashuka katikati ya majani. Kalendari zenye zilifika kwetu ni wajukuu wa picha hizo. Lakini musomaji, ujue kama hata kwao mbuga hizo zinakwisha: Uingereza imepoteza karibu 97 kwa 100 ya mbuga zake za maua tangu miaka ya 1930, sababu ya kilimo kikubwa. Basi wao pia wanatundika ku ukuta kitu chenye mashine yao imemaliza. Ugonjwa huu hauko wetu peke yetu.

Hapa kwetu kazi ya rangi ilichukua njia ingine. Mwaka wa 1946 Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ndani ya Élisabethville atelier yenye iliitwa Hangar. Aliwakataza vijana kuiga Ulaya. Aliwaambia wachore yale yenye yalikuwa ndani yao. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na majani, jani kwa jani; Bela Sara alichora na vidole vyake; Mwenze Kibwanga alijaza tablo na mistari mifupi mifupi. Kuko wenye wanasema: hata hiyo ilikuwa amri ya Muzungu, yeye ndiye aliamua Mwafrika achore nini. Haiko uongo. Lakini mikono ilikuwa ya nani? Na macho?

Kisha walikuja wachoraji wa muji, wenye hawakupita ku masomo makubwa, wenye waliuzisha tablo nyumba kwa nyumba. Mumoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, tablo kwa tablo, na kuandika maneno juu yake. Wale wachoraji, wakati waliulizwa tablo ni ya kazi gani, walijibu na neno moja la Kiswahili chetu: ni ukumbusho. Hawakusema ni pambo.

Tuangalie neno hilo vizuri. Kukumbuka, mutu anaweza kukumbuka peke yake, kitandani. Kukumbusha kunaomba watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Ukumbusho ni kitu chenye kinakaa kati ya watu na kinawalazimisha waseme. Tablo yenye haitoi neno ndani ya kinywa cha mutu, hiyo bado haijakuwa ukumbusho, hata kama iko na maua elfu.

Tablo ya mama mukubwa

Sasa nitaeleza jambo lenye lilipita ndani ya jamaa yetu.

Mama mukubwa wangu alikuwa anaishi ndani ya kijiji kimoja chini ya kilima cha shaba. Kampuni moja, sitaitaja, ilipata kilima. Walikuja kuhesabu. Walihesabu nyumba, wakahesabu miembe, wakahesabu mashamba ya mihogo, kila kitu na bei yake. Kwa kilima hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu kilima hakikuwa cha mutu. Walihamishwa. Feza ilitoka. Na katika feza hiyo, mama mukubwa alitoa sehemu ndogo, akaenda kwa muchoraji mumoja wa Katuba, akamwambia: "Nichoree mulima yetu, na maua yake."

Watoto wake walikasirika. Mukubwa wao alisema: "Mama, rangi haikuliwe! Tungenunua hata mifuko mbili ya bunga." Alinyamaza tu.

Kisha juma moja muchoraji alileta tablo. Muto, miti ya ngazi, nyumba ndogo, maua makubwa mekundu. Mama mukubwa aliiangalia, akairudisha: "Hii ni paradizo ya kalendari. Kule kwetu hakukuwa ngazi. Juu hakukuwa muti hata moja." Muchoraji alishangaa: "Mama, mulima bila muti, nani atapenda kuangalia?" Akamujibu: "Miye sikukuomba ya kupenda. Nilikuomba ya kwetu."

Alirudi mara ya pili, miti imetoka, lakini maua yangali yale yale ya duka. Basi alitambua shida: kijana huyo alizaliwa muji, hajaona ua la shaba hata siku moja. Walitembea pamoja, muzee na kijana, mpaka upande wenye moshi wa bomba kubwa la Lubumbashi ulikuwa unapeleka vumbi yake miaka na miaka, fasi udongo uliungua na miti ikakufa. Pale, juu ya udongo mugonjwa, ua la shaba linaota. Mama mukubwa aliinama, akachuma moja, akamupa: "Njo hii. Uone udogo wake."

Mimi, wakati alinieleza hivyo, nilinyamaza. Tunapenda kusema ua ni kitu safi, kitu bila kosa. Lakini hili linaishi fasi wengine wanakufa. Linakaa na shaba, linapendeza ju ya shaba, na ni sababu ya shaba limeondolewa ku kilima chake. Mwenye kulichora kama ua la arusi hajalielewa.

Mara ya tatu tablo ilikuja vizuri: kilima cha upara, majani ya manjano ya mwisho wa mvua, na juu yake, kama moshi mudogo, ile zambarau.

Mabishano

Siku ile jamaa yote ilikusanyika, na hapo mabishano yalianza kweli. Mujomba mumoja alisema: "Hii ni uongo. Kilima hakiko tena. Muchoraji aweke shimo, aweke na makamiyo, watoto wajue mambo ilikuwa namna gani. Mukichora maua, munawasaidia wale walikula kilima." Maneno hayo ni mazito, na mimi nilikubaliana naye. Tshibumba hakuficha damu ndani ya tablo zake. Kwa nini sisi tufiche shimo?

Mama mukubwa alijibu polepole: "Shimo, hakuna mutu atalisahau. Litakaa pale, kila mutu atapita ataliona. Lakini mulima, nani ataujua? Siye tukikufa, watasema shimo lilikuwa pale tangu zamani."

Sikuwa na jibu. Yule mujomba pia. Lakini nilipofika nyumbani, wazo lingine lilinisumbua. Tuseme tablo ile ile, na kilima kile kile, rangi ile ile, inunuliwe na kampuni yenyewe na kutundikwa ndani ya chumba chao cha kupokea wageni. Wageni watasema: tazama, namna gani wanapenda maua ya inchi! Hapo tablo imekuwa uongo, na muchoraji hakubadilisha hata tone moja. Basi ukweli wa tablo hauko ndani ya rangi peke yake. Uko pia ku ukuta wenye inatundikwa, na ndani ya maneno yenye yanasemwa chini yake.

Hapo ndipo ninaona tofauti kati ya kufariji na kukumbusha. Faraja inatufungia macho ili tulale. Ukumbusho unatuamusha hata kama tunapenda kulala. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, yanaona kila kitu. Lakini moyo uko na pazia, na tablo nzuri inaweza kuwa kitambaa cha hiyo pazia. Kwa hiyo muchoraji ana wajibu mbili. Ya kwanza, achore yenye iko na fasi: achunge udogo wa ua, achunge upara wa kilima, asiongeze ngazi ili kuuzisha. Ya pili, asiache tablo iende bubu.

Hata rangi iko na deni

Kuko mwingine atasema: basi muchoraji ni mutu musafi, anasimama kando ya mambo ya mine na kuyaonyesha kidole. Hapana. Tuseme ukweli wote.

Ile buluu nzuri yenye wachoraji wa Ulaya wanaita buluu ya kobalti, Mufaransa Thénard aliitengeneza mwaka wa 1802, na kobalti iko ndani yake. Hata rangi ya mafuta ya kopo, ili ikauke upesi, mara mingi inatiwa dawa ya kukausha yenye kobalti kidogo. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka hapa kwetu. Inaweza basi kutokea kwamba ndani ya kopo ya muchoraji wa Katuba kuko chembe ya kilima kimoja, imetoka, imezunguka bahari, imerudi ku soko, na sasa inasaidia kukausha picha ya kilima kingine.

Wakati nilimwambia muchoraji jambo hilo, hakucheka. Alisema: "Basi miye pia niko mula mulima." Kisha akafikiri na kuongeza: "Lakini miye ninarudisha kidogo."

Sijui kama neno lake linatosha. Mutu akikukopa ngombe, halafu anakurudishia picha ya ngombe, utamushukuru? Hapana. Tablo hailipi deni ya kilima, na yeyote mwenye kusema inalipa anatudanganya. Maua hayarudi na brashi. Kwa kuyarudisha kunahitajika wale wasomi wenye wanachunga mbegu, sheria yenye inafuatwa, na kilima kimoja ao viwili vyenye vinaachwa vizima. Lakini tablo inaweza kufanya kazi moja yenye picha ya ngombe inaweza pia: inaonyesha kama ngombe alikuwako, na alikuwa wa rangi gani. Mutu akikataa deni, ushuhuda ni kitu cha lazima. Wale waliokuja kuhesabu hawakuandika kilima. Mama mukubwa aliandika.

Kwa kumaliza

Wasomaji wapendwa, siombi watu washushe paysage zao ku ukuta. Baba mukubwa alifanya kazi ya chini ya udongo miaka mingi. Jioni alitaka kuona maji yanapita, na hakumukosea mutu. Uzuri bila fasi ni mapumuziko, na mapumuziko yana haki yake. Shida inaanza wakati tunakuwa na mapumuziko tu, na hakuna hata ukuta moja ndani ya muji wenye unasema: hapa palikuwa pa kwetu.

Kwa hiyo ninaomba vitu vitatu vidogo. Wenye feza ya tablo, muagize kilima, dembo ao muto wenye munaujua, na mukatae ngazi zenye hazikuwako. Wachoraji, muende kuona mbele ya kuchora. Vilima vingine vingali vizima, na mwezi wa tano njia imekauka. Na wazee, musiache tablo ikae bila masimulizi.

Tablo ya mama mukubwa iko sasa ndani ya nyumba yake mupya, ku fasi walimuhamishia. Aliomba muchoraji aandike chini, kwa herufi nyeupe, jina la kilima na mwaka walihama. Mwezi uliopita nilimutembelea. Mujukuu wake, mutoto wa miaka tano hivi, alipanda juu ya kiti, akaweka kidole juu ya rangi na kuuliza lile swali lenye mimi niliuliza zamani: "Kambo, hapa ni wapi?"

Mama mukubwa aliweka chini sahani ya sombe yenye alikuwa nayo mukononi, akamuketisha mutoto ku magoti, na akaanza kumueleza. Wakati nilitoka, walikuwa hawajamaliza.